Viti na meza za nje msimu wa baridi: gereji, kifuniko au kuviacha vilivyo?

MamaNuru (Minneapolis)

Habari zenu wadau. Oktoba ndiyo hii inakatika na huku Minnesota theluji ya kwanza haiko mbali. Naomba mnisaidie kuamua kabla ardhi haijaganda.

Vitu vyangu vya nje ni hivi: meza ya msaji na viti vyake, viti vya alumini vyenye matakia, viti vyeupe vya plastiki vile vya shughulini ambavyo hutolewa wageni wakizidi, na mwavuli wa meza wenye kitako cha kujaza maji. Majirani kila mmoja ana lake. Mmoja anaingiza kila kitu gereji na gari linalala nje mpaka Aprili. Wa pili anafunika kwa turubai la bluu na kulikaza kwa kamba. Wa tatu hagusi kitu, theluji inajaa juu ya meza yake mpaka huoni kama ni meza.

Gereji yangu haina hita na ina nafasi ya nusu ya vitu hivi tu. Vifuniko vya dukani nimeviona kuanzia dola 30 hadi zaidi ya 100. Nataka kujua kipi kiingie, kipi kifunikwe, kipi kiachwe. Baridi ya hapa si ya kujaribia: tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri.

Baraka_Edmonton

Mama Nuru, pole na maandalizi. Kabla ya kufikiria gereji au kifuniko, tazama kila kitu kimetengenezwa kwa nini, maana jibu linatoka hapo.

Anza na plastiki. Pindua kiti uangalie chini ya kikalio, utaona pembetatu ndogo yenye namba ndani yake. Namba 5 ni polipropilini, na viti vyeupe vya shughuli karibu vyote ni hiyo. Namba 2 ni polithini nzito, ile ya mapipa na madumu ya maziwa. Polipropilini ya kawaida ikikaribia sifuri inapoteza ule unyumbufu wake. Kiti chenyewe hakitavunjika kwa kulala chini ya theluji. Kitavunjika siku mtu ameketi na kuegemea nyuma, au mtoto amekiangusha kwenye saruji. Namba 2 inastahimili baridi kali kuliko hii yetu, kwa hiyo viti vizito vya mbao za plastiki vinaweza kubaki nje mwaka mzima. Vyeupe viingie gereji. Vinapangika kimoja juu ya kingine, havili nafasi.

Alumini haili kutu, ila angalia miguu ya bomba. Maji yanaingia kwenye matundu ya skrubu, yanashuka na kukaa juu ya kile kikofia cha plastiki cha mguuni. Yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba halina pa kwenda. Nimeona mguu uliopasuka hivyo: ufa umesimama wima, umeanzia vidole viwili juu ya kikofia, na kingo zake zimebinuka nje. Dawa yake ni ndogo. Toa vikofia, simamisha kiti kichwa chini mchana mzima, au toboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa ya mguu ili maji yajitokee. Baada ya hapo alumini yako haihitaji gereji wala kifuniko.

Kitako cha mwavuli nacho ni hivyo hivyo. Mwaga maji yote kabla hayajaganda. Ukitaka uzito, jaza mchanga mkavu.

Salma_Leicester

Mama Nuru salaam. Mimi niko Uingereza na baridi yetu ni ya aina nyingine kabisa: mvua, ukungu, nyuzi sifuri hadi 8, nguo hazikauki. Huku maji kuganda hakututishi sana kama koga.

Kwa hiyo mimi sipendi vifuniko, na turubai lile la bluu silipendi kabisa. Ukilifunga mpaka chini, unyevu wa ardhini unapanda na kunata ndani ya turubai kama jasho, halafu unadondokea meza usiku kucha. Ukifunua Machi unakuta madoa meusi yaliyoingia kwenye nyuzi za mbao, na hayo si ya kufuta kwa kitambaa. Benchi langu linakaa wazi msimu mzima. Kazi yangu ni moja tu, kuondoa majani. Jani bichi likilala juu ya mbao wiki mbili linaacha alama ya umbo lake, mpaka vishipa vyake unaviona.

Mbao zitageuka kijivu, ndiyo. Rangi ile ni ya jua na mvua, iko juu juu, haina uhusiano na kuoza.

Baraka_Edmonton

Dada Salma, kwa Leicester nakubali. Ila Minneapolis Januari ni kukavu, koga haina maji ya kuishi. Wakati mbaya kwao ni mwisho wa baridi, Machi na mwanzo wa Aprili. Mchana jua linayeyusha theluji juu ya meza, maji yanaingia kwenye viungo na nyufa, usiku yanaganda tena. Siku nyingi mfululizo. Hapo kifuniko kinasaidia kweli.

Mama Nuru, kifuniko cha kununua kiwe na vitundu vya hewa pembeni, na kisiguse chini, acha nafasi ya kiganja. Katikati ya meza weka ndoo iliyopinduliwa ili kifuniko kisimame kama paa na theluji ipukutike. Kikilala bapa kitashika ziwa la maji, likiganda kinachanika. Vile vya dola 100 si lazima. Nunua cha bei ya kati chenye mikanda ya kufungia miguuni, kwa sababu upepo wa tambarare hizi unang'oa chochote kisichofungwa.

Na chumvi ya njia! Mnayomwaga kwenye ngazi na vijia isifike kwenye miguu ya viti. Chuma kilichopakwa rangi kikipata mkwaruzo mmoja, chumvi inaingia hapo na kutu inatambaa chini ya rangi bila wewe kuiona.

FundiMuheza

Assalaam alaykum. Huku Tanga hatuna theluji, lakini msaji na mvule ndio maisha yangu, na mbao ni mbao popote ilipo. Mama Nuru, niruhusu niseme juu ya meza yako.

Kwanza igeuze, utazame upande wa chini ambao jua halijaufikia. Ubao wa moyo wa mti ni wa kahawia yenye udhahabu. Ubao wa nje, ule unaokaa karibu na gome, ni mweupe mweupe. Misaji ya kupandwa, kama hii yetu ya Longuza na ile ya Mtibwa kule Morogoro, ikivunwa ingali michanga huwa na weupe mwingi. Yale mafuta ya asili yanayofanya msaji usioze yako kwenye moyo. Weupe hauna kinga hiyo. Ukiona mstari mweupe kwenye ukingo wa ubao, uozo utaanzia hapo. Wenye fenicha ya moyo mtupu wanaweza kufuata ushauri wa dada wa Leicester bila wasiwasi. Yenye mistari meupe ipewe nafasi gereji kwanza.

Pili, usiingize meza ya nje sebuleni kwenye hita. Mbao ikikaa nje hubaki na unyevu wa asilimia 12 hadi 16 hivi. Ndani ya nyumba inayopashwa joto baridi nzima, unyevu huo unaweza kushuka hadi asilimia 6. Mbao inasinyaa, ulimi wa kiungo unalegea ndani ya tundu lake, gundi inaachia. Nyufa utakazoziona Februari zitakuwa zimeletwa na hita. Gereji baridi ni rafiki wa mbao, na nimefurahi kusoma kwamba yako haina hita.

Tatu, vanishi. Sipaki vanishi kwenye fenicha ya nje ya msaji na simshauri mtu. Inakaa vizuri msimu mmoja, kisha inapata ufa usioonekana, maji yanapita chini yake na hayatoki tena. Huko kwenu yataganda humo humo na kuibandua vipande vipande. Kuitoa vanishi iliyobanduka nusu ni kazi ya msasa ya siku nyingi, na kila unapopiga msasa unapunguza ubao.

Nne, na hili watu hawalitazami: vichwa vya miguu. Mbao hunyonya maji kwa kichwa, pale nyuzi zilipokatwa, kuliko kwa ubavu. Mguu uliosimama kwenye theluji inayoyeyuka unakunywa mchana kutwa. Inua kila mguu juu ya kipande cha plastiki ngumu au tofali.

Salma_Leicester

Shikamoo fundi, ahsante sana. Benchi langu ni mvule, huku wanauuza kwa jina la iroko. Hukumu ni ile ile? Limeota madoa meusi kuzunguka kila skrubu.

FundiMuheza

Marahaba mwanangu. Mvule nao ni mgumu kuoza, uache wazi kama unavyofanya. Hayo madoa ni ya skrubu za chuma cha kawaida: chuma kikilowa ndani ya mvule kinaandikia weusi. Zitoe moja moja uweke za chuma kisichoshika kutu, unene ule ule. Madoa ya zamani yatapungua kwa msasa laini, mengine yatabaki.

WanjikuLimuru

Baridi si ya Ulaya na Marekani peke yake, wandugu. Hapa Limuru kuanzia Juni hadi Agosti jua tunaliona kwa bahati, na kule Kinangop asubuhi nyingine unakuta jalidi kwenye nyasi. Viti vyetu vingi vya nje ni vya saiprasi, na saiprasi si msaji. Ukiiacha kwenye manyunyu ya Julai inaota kijani upande usioona jua. Mimi navitoa uwanjani mwisho wa Mei na kuviweka chini ya veranda, mbali na ukuta kidogo ili hewa ipite nyuma. Kifuniko sitaki, kwa sababu zile zile za Salma. Fundi, saiprasi inafaa kupakwa mafuta?

FundiMuheza

Inafaa, tena inayahitaji kuliko msaji. Paka mbao ikiwa kavu kabisa, Februari kwenu ni wakati mzuri, na ufute yaliyobaki juu baada ya robo saa. Yasiachwe yanateleza juu ya ubao, koga inayapenda.

Harith_Maskati

Kwetu Oman mambo yamegeuka. Novemba hadi Machi ndiyo tunatoa viti nje, barazani kunajaa. Kinachotumalizia fenicha ni jua la Juni na Julai, kwa hiyo sisi vifuniko tunavitumia kiangazi. Viti vya kusuka vya plastiki vya bei rahisi vinakatika nyuzi pale pale jua linapopiga.

Neema_Oslo

Na sisi tusio na gereji wala uwanja? Nina roshani ghorofa ya nne. Nimejaribu vyote viwili na naona kifuniko hakifai roshani yenye upepo. Kinapiga piga usiku mpaka jirani analalamika. Nilichoona kinafaa ni viti vya kukunja, vinasimama nyuma ya mlango wa chumba cha stoo msimu mzima. Meza ndogo ya chuma inabaki nje, nimeilaza ubavu kuelekea ukuta ili theluji isipate pa kukaa. Anayenunua kwa ajili ya roshani anunue vya kukunja tangu mwanzo.

MamaNuru (Minneapolis)

Mmenisaidia kuliko muuzaji yeyote wa dukani. Nimegeuza meza leo mchana: ubao mmoja wa pembeni una mstari mweupe wa upana wa kidole, na kiti kimoja kina mguu mweupe nusu. Meza, kiti hicho na vyeupe vya plastiki (namba 5, kama Baraka alivyosema) vinaingia gereji. Alumini inabaki nje, mume wangu anatoboa miguu kesho. Viti vingine vya msaji vinafunikwa na kuinuliwa. Bado nina maswali mawili: matakia, na mafuta. Dukani kuna chupa imeandikwa mafuta ya msaji, nipake sasa hivi kabla ya theluji?

Baraka_Edmonton

Matakia yasifunikwe nje hata siku moja. Yasimamishe kwa ubavu, zipu chini, maji ya ndani ya sponji yatoke, hata kama kwa nje yanaonekana makavu. Yakikauka kabisa yaweke kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Ukiyarundika wazi gereji, panya watahamia humo kabla ya Krismasi.

FundiMuheza

Mafuta usipake sasa. Huko kwenu kuna baridi, hayatakauka, yatabaki yananata na kushika vumbi. Na msaji hauyahitaji ili uishi. Ni kwa ajili ya rangi tu. Ukiitaka ile kahawia, subiri Mei. Osha kwa brashi laini, maji na sabuni kidogo, ukifuata nyuzi. Mashine ya maji ya presha usiilete karibu, inachimba sehemu laini za mbao na kuacha mifereji. Acha ikauke siku kadhaa, ndipo upake.

Jambo la mwisho, naomba ulishike sana kwa sababu una nyumba na watoto. Mengi ya mafuta hayo ya chupa hayatoki kwenye msaji, yana mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto. Kitambaa ulichopakia ukikikunja na kukitupa kwenye pipa la gereji, joto linakosa pa kutokea, na baada ya saa chache kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Ukimaliza, tandaza kila kitambaa wazi nje juu ya saruji mpaka kiwe kigumu kama karatasi, au kizamishe kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Mumeo naye umwambie, maana mara nyingi anayepaka siye anayesafisha.