Naomba ushauri: mlango wa mbele niupake rangi ya chungwa au damu ya mzee?

Mama Ilham: Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Naomba mnishauri kwa moyo mweupe, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana dogo lakini linaninyima usingizi. Nimechoka na mlango wetu wa mbele, ambao umepauka na kuifanya nyumba nzima ionekane imehamwa, na sasa ninataka kuupaka rangi iliyochangamka. Ninasita kati ya chungwa lililoiva na damu ya mzee. Kuta zetu ni za krimu na bati ni la hudhurungi. Mlango unatazama baharini, na jua linaupiga kuanzia alasiri hadi magharibi. Fundi anakuja Jumamosi. Ninyi mngechagua ipi?

Mnyama Mkali: Dada, paka nyekundu iliyo wazi kabisa, ili kila mgeni ajue tangu nje kwamba ameingia katika nyumba ya watu wa Msimbazi. Damu ya mzee ni nyekundu iliyokata tamaa.

Jangwani Daima: Klabu yetu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na yenu ya Simba mwaka 1936, kwa hiyo mdogo asubiri mkubwa amalize kusema. Mama Ilham, manjano yenye fremu ya kijani itakupendeza zaidi.

Fundi Msasa: Kabla ya kuchagua rangi, tuambie mlango ni wa chuma au wa mbao, na juu yake sasa hivi kuna nini. Kuhusu jua, fahamu kwamba rangi za chungwa na nyekundu zinazong'aa sana kwa kawaida hupauka mapema, ilhali nyekundu za udongo, ambazo hutengenezwa kwa madini ya chuma, hustahimili jua kwa muda mrefu zaidi. Damu ya mzee nayo ina shida yake, kwa maana rangi iliyokolea hufyonza joto, na mlango unaopigwa na jua la alasiri utachemka hadi viungo vyake vianze kuachia.

Mama Ilham: Asante, fundi. Ni wa mbao.

Shangazi wa Kimara: Mimi nitakuambia jambo jingine kabisa. Kabla ya bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, ukuta wa mjomba wangu ulichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na tangu siku ile mama yangu hataki kuona nyekundu ikipakwa sehemu yoyote ya nyumba, hata kwenye kizingiti. Usicheke. Tulikuwa tukiamka alfajiri na kuikuta X ile ikitutazama, na jirani mmoja alijaribu kuifuta kwa tapentaini, akaishia kuisambaza ukuta mzima. Chagua chungwa, mwanangu.

Fundi Msasa: Pole sana, Shangazi. Mama Ilham, nakurudia wewe: "mbao" si jibu. Paini, mkongo, msaji, mninga? Kila mmoja una matayarisho yake, na sitaki kukushauri gizani.

Mama Ilham: Ni mninga. Baba mkwe alizileta mbao mwenyewe kutoka Tabora wakati tunamalizia nyumba, zikachongwa Keko, na mlango una nakshi kidogo pande zote mbili. Lakini ninaomba msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Vanishi tumeipaka na kuirudia, na kila baada ya masika inabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua. Zaidi ya hayo, rangi ya chungwa imeshachanganywa kwenye mashine, lita nne, na duka halipokei rangi iliyochanganywa.

Kaka wa Ubungo: Kumbe ulikuja kuuliza chungwa au damu ya mzee ilhali kopo la chungwa limo uvunguni! Tulichoombwa hapa ni baraka.

Mzee Mstaafu: Binti yangu, watu wanauza viwanja ili wapate mlango wa mninga, nawe unataka kuuficha chini ya rangi ya mafuta. Mti wenyewe ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama wa damu, na mbao yake ina wekundu wa asili. Sasa unaupaka rangi ya nini? Tena ni zawadi ya baba mkwe. Mwenzako anasemaje?

Mama Ilham: Mume wangu yuko safarini, na aliniachia mambo ya nyumba niyaamue mimi. Baba mkwe atakuja Idi. Ninaamini akiukuta mlango umenawiri atafurahi kuliko kuukuta umebanduka.

Mzee Mstaafu: "Unaamini" si sawa na "nimemuuliza". Mpigie simu.

Mpelelezi wa Uzi: Wakuu, tuweke breki kidogo. Mama huyu amesema mlango unatazama baharini, na hapo hapo anasema jua la alasiri linaupiga hadi magharibi. Tangu lini jua la Dar es Salaam likazama katika Bahari ya Hindi? Nimeishi Mbezi Beach maisha yangu yote, na bahari iko upande jua linakochomoza. Ama hadithi hii imetungwa, ama tunazungumza na muuza rangi anayetafuta wateja. Uzi ufungwe.

Jangwani Daima: Hapo umemkamata. Nami nilishangaa lita nne kwa mlango mmoja.

Mama Ilham: Muuza rangi gani asiyetaja hata jina la rangi yake? Mimi ninaishi Kigamboni, si mbali na kivuko. Maji ninayoyaona mlangoni ni yale ya kuingilia bandarini, na jua linazama nyuma ya majengo ya Kivukoni, ng'ambo yetu. Njoo saa kumi na moja jioni usimame barazani kwangu bila miwani, kisha uufunge uzi ukipenda. Lita nne nilinunua kwa sababu kopo dogo lilikuwa limekwisha.

Mpelelezi wa Uzi: Kuhusu Kigamboni nimekubali. Lakini bado nina swali moja: geti la nondo liko wapi? Sijaona nyumba Dar es Salaam yenye mlango wa mninga usio na geti mbele yake.

Mama Ilham: Geti lipo. Ni jeusi, na chini limeshika kutu kwa ajili ya upepo wa chumvi.

Fundi Msasa: Sasa ndiyo tunaongea. Nitakuwa mkweli kwako hata kama Mzee hatapenda: kwa mlango unaopigwa na jua hivyo, rangi inailinda mbao kuliko vanishi, kwa sababu vanishi hupitisha mwanga hadi kwenye mbao, uso wa mbao unaharibika chini yake, kisha vanishi inakosa pa kushika. Kwa hiyo hoja yako ina msingi. Ila rangi ikishaingia katika nakshi za mninga, kuitoa ni kazi ya kuchokonoa kwa patasi ndogo, na nakshi haitarudi ilivyokuwa. Geti ndilo linaloonekana kutoka nje, nalo halina baba mkwe. Mwambie fundi akwangue kutu kwa brashi ya waya, apake praima ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya hilo chungwa lako, asubuhi kabla jua halijahamia upande huo. Likipauka, utalirudia bila kesi na mtu. Mlango wenyewe asugue vanishi yote kwa msasa akiwa amefunika pua, maana vumbi la mninga linawasha, na apake vanishi mpya ya nje. Asisahau ukingo wa juu na wa chini; maji ya masika huingilia hapo, na mafundi wengi hawapagusi kwa kuwa hapaonekani.

Mama Ilham: Ukingo wa chini haujawahi kupakwa kitu chochote, nimeinama nikautazama sasa hivi, umekuwa mweusi na unavimba upande wa bawaba. Geti sikuwa nimeliwazia. Basi Jumamosi fundi ataanza na geti, na mlango utasubiri Idi. Lakini baba mkwe akilisifia chungwa kwenye geti, msije mkanilaumu nikimwomba ruhusa ya mlango papo hapo.

Shangazi wa Kimara: Rangi ikibaki, niuzie lita moja. Nitaifuata kwa kivuko.