Kikundi cha Ukoo, Chumbageni: Majibu ya Kaka

Kaka: Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni. Nimeruhusiwa kurudi nyumbani tangu juzi na kidonda cha upasuaji kinaendelea vizuri. Daktari amethibitisha kwamba uvimbe walioutoa ni saratani ya utumbo mpana, na kabla sijaondoka alinipa agizo ambalo haliniishii mimi: ndugu zangu wa tumbo moja na wanangu wachunguzwe, hata yule asiyeumwa chochote.

Shangazi: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Tunamshukuru Mungu kwa kukurudisha salama. Lakini mbona mwaka mzima tulijua ni bawasiri?

Kaka: Ndivyo nilivyoambiwa, Shangazi, na ndivyo nilivyotaka iwe. Nilipoona damu mara ya kwanza nilipewa dawa ya kupaka bila kuchunguzwa, damu ikapungua, nikanyamaza. Baadaye choo kikabadilika, wiki hii nimefunga, wiki ijayo naharisha, kisha nikawa naishiwa pumzi nikipanda ngazi kwa kupungukiwa damu, nami nikasingizia umri wakati nina miaka 48 tu. Bawasiri nilikuwa nayo kweli, na hiyo ndiyo iliyonipoteza, kwa maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Dada Mkubwa (Leicester): Pole sana, mdogo wangu. Huku Uingereza, ukifikisha miaka 50 unaletewa kwa posta kichupa chenye kijiti, unachukua choo kidogo sana, unakirudisha kwa posta, na baada ya miaka 2 kinakuja kingine. Mimi nilikirudisha na majibu yakasema hakuna damu. Hata hivyo kesho nampigia daktari wangu, kwa sababu kipimo kile ni cha mtu asiye na ugonjwa huu kwenye familia, nami sasa siko tena katika kundi hilo.

Mdogo Wetu: Shikamoo Kaka, shikamoo Dada. Mimi nina miaka 36, nafanya mazoezi na tumbo haliniumi. Je, nami nahusika?

Muuguzi Wetu: Unahusika. Saratani hii kwa kawaida huanza na kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, hakiumi wala hakijitangazi, na huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani. Daktari akikiona kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa hukikata papo hapo, ndiyo maana uchunguzi huu unaweza kuuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua huanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 chini ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, kutegemea kipi kinatangulia. Kwa Kaka ni 48, kwa hiyo wewe mwisho wako ni 38. Ukiona damu kabla ya hapo, usihesabu tena miaka, nenda.

Mdogo Wetu: Nimeelewa. Yule mwigizaji wa Marekani, Chadwick Boseman, alifariki kwa maradhi haya mwaka 2020 akiwa na miaka 43, na sikuwahi kufikiri yanaweza kufika kwetu.

Shangazi: Mimi nina miaka 63 na sina dalili, ila habari ya kamera kupitishwa huko inanitia haya, nisiwafiche.

Muuguzi Wetu: Shangazi, wewe umri peke yake unatosha. Marekani walishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021, hata kwa watu wasio na historia ya ugonjwa. Unaweza kuanza na kipimo cha choo, na kikionyesha damu ndipo ufanyiwe cha kamera. Una haki ya kuomba uhudumiwe na wanawake.

Kaka: Niongeze nilichokiona mwenyewe. Kazi yote iko katika usiku wa kuamkia kipimo, unapokunywa dawa ya kusafisha tumbo, maana utakesha msalani. Siku hiyo sikula chakula kigumu, nilikunywa maji na chai ya rangi, na nilikatazwa vinywaji vyekundu ili visidhaniwe kuwa ni damu. Kipimo chenyewe nilichomwa sindano ya usingizi, nikazindukia kitanda kingine.

Baba Mdogo: Wanangu, nimesoma yote tangu mwanzo na mkono ulikuwa mzito kuandika. Tangu baada ya Ramadhani naona damu, nami natumia mizizi niliyopewa sokoni. Sikumwambia hata binti yangu, ambaye ni muuguzi na yumo humu.

Muuguzi Wetu: Baba, ahsante kwa kusema. Kwako hili si suala la uchunguzi wa tahadhari tena, na kipimo cha choo cha kwenye kichupa hakikufai, kwa sababu damu tumeshaijua ipo. Unahitaji daktari akuchunguze kwa kidole, upimwe wingi wa damu, kisha kamera. Acha ile mizizi leo, lakini ibebe tuionyeshe. Kesho saa 1 asubuhi nitakuwa mlangoni kwako.

Baba Mdogo: Nitakuwa tayari, mwanangu.

Shangazi: Nipitieni na mimi.