Kumleta mwandishi maktaba ya sekondari: wanafunzi 300, viti 40

MkutubiNgamiani
Habari zenu wanajukwaa. Nasimamia maktaba ya sekondari ya kutwa hapa Tanga mjini. Mwandishi mmoja wa riwaya, anayeishi Dar, amekubali kuja kuzungumza na wanafunzi. Maktaba ina viti 40, kidato cha tatu peke yake kina wanafunzi zaidi ya 300, na nakala za kitabu chake tunazo 12. Mkuu wa shule anataka iwe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na wote wakusanyike uwanja wa paredi. Nina wasiwasi na mpango huo. Nipange vipi? Na mgeni apewe nini?

Mwalimu_Kidato3
Mwalimu mwenzangu, anza na tarehe. 7 Julai ni Saba Saba, sikukuu ya taifa, hakuna vipindi. Sogeza hadi wiki ya tatu au ya nne ya Julai, na bango liandikwe vilevile kuwa ni maadhimisho ya Kiswahili. Usivuke Septemba, maana baada ya hapo kidato cha pili na cha nne wamo kwenye mitihani ya taifa na walimu wametawanyika kusimamia. Ijumaa nayo iache, wanafunzi wengi hapa wanawahi swala. Jumatano au Alhamisi asubuhi, vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, zinatosha kabisa.

Wasiwasi wako una msingi. Kwenye paredi sauti haifiki nyuma, walio nyuma wanaanza kunong'ona, mgeni anapaza sauti, na mwisho anaacha kitabu na kuhubiri "someni kwa bidii". Nasaha hizo wanazisikia kila Jumatatu. Mwachie mkuu dakika tano za kumtambulisha mgeni paredini, halafu ingia maktaba na wanafunzi 48 waliokwisha kusoma kitabu. Neno hilo, *waliokwisha kusoma*, ndilo linaloamua kila kitu. Asiyesoma hana la kuuliza zaidi ya "ulianza lini kuandika?"

Nakala 12 kwa wanafunzi 48 ni wanne kwa kitabu kimoja. Ukiwaambia wapokezane nyumbani, wa nne hatakiona. Wasome kwa sauti kikundi kikundi baada ya vipindi. Ukurasa mmoja huchukua kama dakika tatu, kwa hiyo nusu saa ni kurasa 10. Riwaya ya kurasa 120 inakwisha kwa vikao 12; vikao vitatu kwa wiki ni wiki nne. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ugeni, na ongeza wiki moja ya akiba.

Tafadhali usitoe fotokopi ya kitabu kizima. Ni kuvunja hakimiliki, na mwenye kitabu ataikuta mezani mbele yake.

KalamuYaPwani
Naongeza upande wa mgeni. Barua ya mwaliko itoke kwa mkuu wa shule, yenye muhuri, angalau mwezi mmoja kabla. Itaje tarehe, saa, idadi ya wanafunzi, kidato, sura walizosoma, na malipo: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, malazi ya usiku mmoja, na posho. Kama posho hakuna, iandikwe wazi kuwa hakuna, naye aamue. Kumwacha akisie ni kumkosea heshima. Malazi msiyakwepe: Dar hadi Tanga ni takriban kilomita 350, na basi likikwama Chalinze au Segera vipindi vyako vimekwenda. Afike jana yake.

Dakika 80 zigawe hivi: 5 za kukaribisha, 10 mwandishi asome kurasa tatu alizochagua mwenyewe, 10 wanafunzi wasome mahali pa majibizano, 35 za maswali, 15 za zoezi la kuandika, 5 za shukrani. Wakati ukibana, punguza chochote ila maswali.

Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi siku mbili kabla. Ondoa yanayojirudia, tanguliza yanayotaja ukurasa au tendo la mhusika. "Dhamira za kitabu ni zipi?" libaki darasani, mwandishi si mtahini, na jibu lake likitofautiana na la mwalimu, wanafunzi watachanganyikiwa bure. Walimu nao wakae kimya hadi dakika za mwisho. Mwalimu akiuliza swali la kwanza, mikono yote inashuka.

RafuNaVitabu
Chumba chenyewe: viti 40 na mabenchi mawili, nusu duara, mistari mitatu. Mgeni asikae mgongo dirishani, wataona kivuli tu. Kwa watu 48 kipaza sauti hakihitajiki, ila zima feni iliyo juu ya msomaji, mlio wake unameza maneno.

Vitabu vya kuuza visiingie kikaoni. Tangazo la bei liende kwa wazazi wiki moja kabla, mwalimu mmoja apokee fedha na kutoa risiti, vigawiwe baadaye. Asiyenunua asainiwe kikadi cha kuwekea ukurasa. Nakala za maktaba zisainiwe kwenye ukurasa wa jina la kitabu, mbali na muhuri wa shule.

Na hili halina mjadala: mwalimu awepo muda wote, mgeni asibadilishane namba za simu na wanafunzi, na picha zisiwekwe mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Mwakani fikirieni malenga wa hapa hapa. Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert, mwaka 1909, na mtunzi wa mjini anakuja kwa nauli ya daladala. Malenga aghani kwanza, kisha awape kibwagizo cha mizani 16 na wao watunge mishororo mitatu ya juu yake. Kwa dakika 15 ubeti mmoja unatosha. Ukidai zaidi, vina vinaanza kulazimishwa.

MkutubiNgamiani
Ahsanteni sana, nampelekea mkuu mpango huu. Moja limebaki: wakiganda wote, wasiulize?

KalamuYaPwani
Wape dakika mbili wazungumze wawili wawili, kisha mwite kwa jina mwanafunzi ambaye kikaratasi chake unacho mkononi. Akishajibiwa, nyamaza uhesabu hadi kumi kabla ya kumwita wa pili. Mara nyingi mkono wa hiari unanyooka hapo katikati.

RafuNaVitabu
Na wale 250 na ushei waliobaki nje: kesho yake, wanafunzi wawili waende kila mkondo dakika 10, wasome majibu matatu ya mwandishi na kutangaza kuwa nakala 12 zimerudi rafuni. Fungua daftari la foleni ya kuazima asubuhi hiyo hiyo, na muda wa kuazima uwe siku tano badala ya kumi na nne.