Gemu ya mezani ya Tingatinga: kila tukijaribu inatoka ludo, msaada wakuu

kijana_wa_mbagala:
Wakuu habari za jioni. Sisi ni kikundi cha vijana saba huku Mbagala, wawili wanachora, mmoja anajua kompyuta kidogo, waliobaki ni wapenda gemu tu. Tumekubaliana tutengeneze gemu ya mezani ya kwetu wenyewe yenye sanaa ya Tingatinga, tuje tuwauzie watalii na hata mashuleni ikiwezekana. Picha tunazo kali sana, tembo, chui, twiga, samaki wa kila rangi. Shida ni gemu yenyewe sasa. Kila tukikaa inaishia kuwa ludo, unarusha dadu unasogea, ukiangukia simba unarudi nyuma ukiangukia twiga unapanda juu, yani nyoka na ngazi tu ila ina wanyama. Alafu tunabishana mno, mmoja anataka hela za kuchezea, mwingine anataka kadi za maswali ya historia, mwingine kila siku anakuja na sheria mpya. Mlioshawahi kufanya kitu kama hiki mnaanzia wapi? Na kuprinti kukoje, maana hela yetu ya kuungaunga.

brashi_moja:
Hongereni wadogo zangu. Mi nachora hiyo hiyo Tingatinga, kwaiyo nitasema kwa upande wangu. Mmeanzia kwenye picha, ndo maana mmekwama. Anzieni kwenye kazi ya kuchora.

Mchoraji hashiki brashi akaanza na tembo. Unapaka msingi kwanza, ubao mzima, unaacha ukauke. Ndo unakuja mwili wa mnyama, unasubiri tena. Alafu ndo macho, madoa, mistari, majani ya pembeni. Rangi ya mafuta haina haraka na mtu, ukikosa subira yale madoa yanaogelea mgongoni kwa chui na kazi ya siku nzima imeharibika na mteja yuko njiani anakuja. Sasa hiyo si ndo gemu yenyewe? Kila mchezaji anakuwa na kiubao chake cha mraba, kuna kadi za msingi, kadi za mnyama, kadi za madoa. Zamu yako unaweka tabaka moja tu. Tabaka jipya ni bichi mpaka mzunguko mzima upite, na huruhusiwi kuweka kitu juu ya kibichi. Katikati ya meza kuna wateja wamegeuzwa wazi, huyu anataka chui kwenye msingi wa njano, yule anataka ndege wawili kwenye bluu. Unaona kabisa mteja wako anachukuliwa na jirani na chui wako bado hajakauka. Mtapiga kelele wenyewe bila dadu.

Na umbo mnalo tayari. Mzee Edward Saidi Tingatinga alivyoanza 1968 hapo Dar alikuwa anachora kwenye hadibodi za mraba, kama sentimita 60 kila upande, kwa rangi za baiskeli. Msihangaike kubuni bodi ya duara sijui ya ramani ya Afrika.

kete_namua:
Naunga mkono hapo kwenye dadu, itupeni. Sisi watu wa bao hatujawahi kuhitaji bahati, kete 64, mashimo 32, mtu akikufunga amekufunga kwa akili yake na kijiwe kizima kimeona.

Ila kuna kitu cha kuiba kwenye bao. Bao la kiswahili lina sehemu mbili. Mnaanza mna kete 10 tu kila mmoja ubaoni, zingine 22 mkononi, mnanamua, yani mnaingiza moja moja. Zikiisha mkononi ndo mchezo unabadilika kuwa mtaji, mnacheza na zilizopo ubaoni. Fanyeni ivo ivo. Sehemu ya kwanza mnapaka, rangi ziko mkononi zinapungua. Zikiisha, sehemu ya pili mnauza, hakuna tena kupaka, na alopaka ovyo ataula wa chuya. Inawapa gemu mwisho unaoeleweka, maana ugonjwa wa gemu nyingi za kujitungia ni haziishi, watu wanachoka wanainuka.

kuku_wa_kienyeji:
Bila dadu watoto watalala hapo hapo wakuu. Wanangu ukiwapa kitu cha kufikiria dakika mbili washaenda kwenye katuni. Wekeni hata dadu moja ya hali ya hewa, ikitoka mvua hakuna kinachokauka mzunguko huo.

brashi_moja:
@kuku_wa_kienyeji hiyo ya mvua nimeipenda, masika ndo adui wetu mkubwa kweli. Irudi dadu ila kwa kazi hiyo moja tu.

karatasi_kariakoo:
Mi niko kwenye mambo ya kuprinti, nawaomba sana msiprinti chochote sasa hivi. Vijana wengi wanakuja na faili zuri, wanalipa, wakicheza mara ya kwanza wanakuta sheria ina tundu na kadi zote ni takataka. Kateni manila, andikeni kwa penseli "msingi njano", "chui", basi. Kete tumieni vizibo vya soda kama wacheza drafti. Picha nzuri kwenye gemu mbovu itawadanganya mtaipenda wakati haichezeki.

Gemu ikishatulia ndo hesabu inaanza. Kadi ya kawaida ni milimita 63 kwa 88, kwenye A3 moja zinaingia 18 ukizilaza vizuri. Kwaiyo idadi ya kadi iende kwa 18, ziwe 36 au 54. Mkisema 56 mmelipia karatasi nzima ya nne kwa ajili ya kadi mbili. Na mgongo wa kadi wote uwe sawa sawa, msiweke mpaka mwembamba pembeni, mashine ikihama kidogo tu kila kadi inajulikana kwa mgongo na watu wataanza kuibiana.

kijana_wa_mbagala:
Aisee nimewasomea wenzangu kwa sauti hapa, hii ya tabaka bichi imewagusa wote mpaka yule wa hela za kuchezea amenyamaza. Maswali mawili. Kwanza mabishano tunayamalizaje, tupige kura kila kitu? Pili, tunaruhusiwa kuweka picha za zamani za Tingatinga mwenyewe kwenye boksi?

bi_forodhani:
Kura hapana mwanangu. Mkipigia kura kila sheria mtapata gemu yenye kila kitu kidogo kidogo. Mtu mmoja ashike daftari la sheria, mwingine ashike picha, na mkicheza mnabadilisha kitu kimoja tu kisha mnacheza tena, la sivyo hamtajua kipi kimesaidia. Mwenye wazo jipya aliandike nyuma ya daftari lisubiri zamu yake. Kisha tafuteni watu msiowajua, wapeni boksi na karatasi ya sheria, nyie mkae pembeni kimya. Wakikosea kusoma, karatasi ndiyo mbovu. Msiwaelekeze hata kama mnaumia.

Kuhusu picha, kuchora kwa mtindo huo hakuna wa kuwakataza, wachoraji wa Tingatinga wako wengi na hata ushirika wao wa tangu 1990 upo Dar. Lakini picha ya mtu fulani ni kazi yake, au ya waliorithi, usiichukue mtandaoni ukaibandika. Mnao wachoraji wawili, wachore wenyewe. Na kabla hamjauza hata boksi moja andikianeni nani anapata nini, hasa hao wawili, kwa sababu sura ya gemu ni jasho lao. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, nendeni mkaulize kuhusu kusajili, msisubiri ugomvi.

kete_namua:
Wachezaji wangapi lakini? Zaidi ya wanne kukauka kutachukua muda mrefu sana, mtu atasahau alikuwa anachora nini.

kijana_wa_mbagala:
Tunasema wawili hadi wanne. Kesho tunakata manila, wateja 18, rangi tano. Dadu ya mvua tumeamua upande mmoja tu kati ya sita, au mnaona ni kidogo?

kuku_wa_kienyeji:
Wekeni pande mbili. Mmoja mtasahau kama ipo.