Tenki la ziada kwenye Land Cruiser pikapu: mafundi wawili, majibu mawili

Mrina_Asali

Wakuu, salaam. Nina Land Cruiser pikapu, HZJ79 ya kabini moja, injini 1HZ. Nanunua asali vijijini Sikonge, na nikishapita Ipole naingia lile pori la kuelekea Rungwa. Huko dizeli ni ya kwenye madumu, na sijui imechakachuliwa na nini. Nozeli sita, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, siwezi kuzichezea kamari. Tenki la gari ni lita 90. Kwenye lami na mzigo wa kawaida napata kama kilomita saba kwa lita, ila mchanga ukianza linakunywa kweli kweli.

Nimechongesha tenki la lita 150, linakaa ndani ya bodi, limeegemea kabini. Tatizo ni kuliunganisha. Fundi wa kwanza anataka kulitoboa tenki la gari kwa chini, aweke mpira kutoka la juu, eti "yatajisawazisha yenyewe". Wa pili anataka koki kabla ya filta, nikigeuza injini inavuta huku, nikigeuza tena inavuta kule. Kila mmoja anamcheka mwenzake. Mimi nataka kitu ambacho kikifa usiku wa manane porini, gari litembee. Nimsikilize nani?

Nozeli_Kavu

Mkuu, wote wawili waache kwanza.

Matenki hujisawazisha yakiwa kwenye kimo kimoja. Lako liko juu ya bodi, la gari liko chini yake. Dizeli itashuka mpaka la chini lijae, halafu itapanda kwenye shingo ya kujazia ikitafuta kimo cha la juu. Itatokea kwenye mfuniko au kwenye tundu la hewa, na utaacha mstari wa dizeli kutoka Sikonge mpaka Rungwa. Na hilo tundu la chini, jiwe moja likigonga kiungo pale, umepoteza mafuta ya matenki yote mawili kwa mpigo.

Wa pili ana hoja, ila amesahau nusu ya kazi. Dizeli yote inayovutwa na injini haichomwi. Nyingine inarudi tenkini kwa mpira wake kutoka kwenye pampu na nozeli. Sasa ukivuta tenki la ziada huku marejeo yanaingia la gari ambalo tayari limejaa, yataenda wapi? Nje. Kama unataka njia hiyo, nunua koki ya njia sita, ile inayogeuza mpira wa kuvuta na wa kurudisha kwa wakati mmoja. Ni kazi nzuri ikifanywa vizuri. Ila kila kiungo unachoongeza upande wa kuvuta ni mahali pa kuingizia hewa. Ikiingia, gari linazima, nawe unabaki unakandamiza pampu ya mkono pale juu ya filta mpaka kidole gumba kife ganzi.

Ninachofanya mimi ni kuiacha injini na mipira yake kama kiwanda kilivyoiweka. Tenki la ziada linamwaga kwenye tenki la gari tu, kupitia mpira mkubwa wa kujazia. Unaukata ule mpira, unaingiza kiungo chenye tawi, unafunga klipu. Hakuna kuchomelea karibu na tenki la gari. Kutoka tenki la juu: koki ya mkono, filta ya wavu, pampu ndogo ya umeme ya volti 12, halafu mpira wa mafuta mpaka kwenye tawi. Mpira uwe wa mafuta kweli, siyo ule wa kumwagilia bustani, ule unakakamaa na kupasuka.

Na hapa wengi wanakosea: kwa kuwa tenki lako liko juu, pampu ikizimwa dizeli inaweza kuendelea kupita ndani yake taratibu, na asubuhi unakuta dimbwi chini ya gari. Kwa hiyo weka vali ya umeme kwenye waya uleule wa pampu, ifunguke na kufunga pamoja nayo. Fyuzi iwe karibu na betri, na swichi iwe na taa ili usisahau. Washa geji ikishuka chini ya nusu. Pampu ya lita mbili kwa dakika, dakika 20 zinakupa lita 40, na nafasi unayo.

Kipara_wa_Lori

Nozeli, umeme wote huo wa nini? Tenki si liko juu? Mimi ninayo koki moja tu, bila pampu. Nasimama, nafungua, nasikiliza kwenye mdomo wa kujazia, nafunga, naendelea na safari. Koki haiungui fyuzi.

Mrina_Asali

Hata mimi nilitaka kuuliza hivyo hivyo.

Nozeli_Kavu

Kipara yuko sahihi, kwa mtu mwenye nidhamu ya kusimama. Kwa mwendo huo tumia mpira mpana, wa nusu inchi au zaidi, na usipande na kushuka njiani. Na matenki yote yawe na njia ya kupumua. Tenki la juu lisipopata hewa, mafuta yanatoka kwa kudonadona kisha yanagoma. Tundu lake la hewa lipandishe kwa mpira hadi karibu na paa la kabini, liinamishe mdomo chini, vumbi na mvua visiingie.

Ila kama una dereva wa kumwachia gari, weka umeme. Dereva atafungua koki, atapigiwa simu, atasahau.

Shamba_Darasa

Na Hilux ya petroli je? Nina tenki la pipa.

Nozeli_Kavu

Hapana. Mvuke wa petroli na waya za kienyeji nyuma ya mgongo wako, hapana. Nunua tenki lililotengenezwa kwa ajili ya gari hilo au kaa na la kwako.

Mrina, tenki lako limechongwa kwa bati gani? Ndani kuna vizuizi vya kuzuia mafuta yasicheze?

Mrina_Asali

Bati linalong'aa, lenye zinki. Fundi alisema halishiki kutu. Vizuizi hakuna, ni wazi kama sanduku.

Nozeli_Kavu

Hilo usilitilie dizeli. Zinki inayeyuka kwenye dizeli kidogo kidogo na kutengeneza uchafu unaoziba filta, kisha unaenda kugandia kwenye nozeli. Ulikimbia dizeli ya madumu, utajichakachulia mwenyewe. Chongesha jingine kwa bati jeusi, lile lisilo na zinki, la milimita tatu, au alumini, na ndani waweke vizuizi viwili vyenye matundu. Lita 150 ni kama kilo 126 zinazocheza. Kwenye kona za matuta zitalivuta gari. Bolti zipite bodi zishike fremu ya chini, siyo bati la bodi peke yake.

Kipara_wa_Lori

Na hilo la zinki usilitupe mkuu. Litafaa la maji.

Mrina_Asali

Naenda kwa fundi kesho. Nimeamua koki ya mkono kwanza, ila naacha nafasi ya pampu. Nozeli, hicho kiungo chenye tawi kinapatikana maduka ya spea ya Tabora au nichongeshe?

Nozeli_Kavu

Chongesha kwa bomba la chuma lenye kipenyo sawa na mpira wako wa kujazia. Ingia na kipande cha mpira mfukoni, wasikukadirie kwa macho.