Mrejesho: mluzi wa upepo kwenye kioo cha dereva

Wakuu, niliuliza kuhusu mluzi wa upepo kwenye kioo cha dereva, unaoanza gari likipita kilomita 80 kwa saa. Umeisha. Aliyenishauri nibandike selotepu ya karatasi kwenye maungio ya mlango na kioo, sehemu moja moja, kisha niendeshe, abarikiwe: nilipoziba kona ya juu ya nyuma, kimya! Mpira wa mlango pale umelala kabisa, ukiubonyeza haurudi. Hata nilipofungia karatasi mlangoni kupima kama mpira unabana, ilichomoka yenyewe. Nimeweka mpira mpya, na kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshikwa na kitasa nimekisogeza ndani kidogo ili mlango ubane zaidi. Silikoni ya kupuliza haikusaidia kitu. Sasa zimebaki kelele za matairi, hizo nazivumilia.