Likizo ya Juni na vitabu vya picha kwa watoto wa miaka 2 hadi 6: tupeane uzoefu

Mleta Uzi:
Wakuu, shule zimefungwa, nyumba imejaa, runinga ndiyo yaya. Vitabu vya picha vimelala kabatini kwa kisingizio kwamba mtoto "hatulii". Wenye ufundi wa kumsomea mtoto asiyejua kusoma, tiririkeni: mnakaaje, dakika ngapi, vitabu mnavipata wapi na vinadumu vipi.

Mwalimu wa Awali:
Hatulii kwa sababu anasomewa kama taarifa ya habari. Kwa mtoto wa miaka 3, dakika 10 zinatosha kabisa. Usikimbilie maandishi, anza na jalada: "Huyu nani? Anakwenda wapi?" Halafu nyamaza. Wengi wanaharibu hapo: wanauliza, na mtoto hajafungua mdomo wameshajijibu. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Akisema "kuku", mwongezee: "Ehee, kuku anaparua mchanga, anatafuta nini?" Akikosea usimkatize, taja kilicho sahihi ndani ya sentensi yako, songa mbele. Swali moja kwa ukurasa, basi. Ukizidisha unageuka mtihani, atashuka mapajani aondoke.

Siku ya kwanza picha tu. Ya pili soma maneno, kidole kikipita chini ya mstari. Ya tatu liache neno la mwisho la sentensi amalizie mwenyewe. Siku ya nne akikitaka kilekile, mpe kilekile. Aliyekichoka ni wewe.

Wakiwa watano barazani, kitabu kishike usawa wa bega, kurasa ziwatazame wao, geuza kwa kona ya chini mkono usizibe picha. Usikae dirisha likiwa mgongoni kwako: wao watapigwa na mwanga machoni na kitabu watakiona giza. Ita "Hadithi, hadithi!", wakiitika "Hadithi njoo!" ndipo ufungue.

Mama Mapacha:
Hapo kwenye kunyamaza umeua, mwalimu.

Fundi wa Steshenari:
Kununua si lazima. African Storybook, tovuti ya shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili za bure na leseni inaruhusu kuchapa. Kwa wadogo chukua zile za sentensi moja kwa ukurasa.

A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4. Hadithi ya kurasa 12 ni karatasi 3, ya 16 ni karatasi 4. Ikiwa na 14, ongeza kurasa tupu 2. Mwambie mchapaji: mtindo wa kijitabu, pande mbili, igeuzwe kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, upande wa pili wote unatoka kichwa chini na pesa hairudi. Jalada weka manila.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Ifungue, laza kijitabu juu ya boksi nene, piga pini 2 kwa nje ya mgongo, zing'oe taratibu kwenye boksi, kunja miguu yake kwa ndani kwa mgongo wa kijiko. Mtoto chini ya miaka 2 mshonee kwa uzi, matundu 3. Pini ikilegea inaishia mdomoni.

Kijana wa Mjini:
Mateso yote haya, simu si ipo?

Fundi wa Steshenari:
Ipo. Mkiwa ukurasa wa tatu linaingia tangazo, mtoto analibonyeza, hadithi kwisha.

Baba wa Watatu:
Wanasoma mchepuo wa Kiingereza. Mkiwasomea Kiswahili likizo nzima mnawarudisha nyuma.

Mama Mapacha:
Baba, msomee kwa lugha unayoimudu bila kubabaika. Mtoto anasema "jirafu" na twiga ndiye mnyama wa taifa!

Mkazi wa Chanika:
Mnagombania lugha, mchwa hawachagui. Boksi la vitabu likikaa sakafuni limegusana na ukuta, wanapanda kwenye ufa, wanatoboa chini, wanakula kuanzia ndani. Jalada linabaki zima linang'aa, kwa juu huoni kitu. Unamfungulia mtoto kitabu cha tembo: tembo hana miguu, kurasa zimeshikana na udongo, wenyewe wanatawanyika mapajani. Boksi zima hivyo hivyo, la juu mpaka la chini. Mtoto analia, hakuna hadithi tena siku hiyo.

Kijana wa Mjini:
Duh! 😂 Pakaza oili chafu chini ya boksi.

Mama Mapacha:
Au vile vidonge vyeupe vya kabatini.

Nesi wa Zamu:
Vidonge HAPANA. Mtoto anaviona pipi. Ni naftalini, na mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) akimeza, chembe nyekundu za damu zinavunjika. Oili nayo itaishia mikononi mwake.

Mwalimu wa Awali:
Matofali mawili, ubao juu yake, kiganja kimoja kutoka ukutani. Kila wiki chungulia kwa tochi, ukiona njia ya udongo ivunje na utafute ufa. Kitabu kilicholowa anika kivulini, tishu kati ya kurasa. Juani gundi ya mgongo inakatika.

Mleta Uzi:
Tumehamia kwenye mchwa sasa. Maktaba je?

Mwalimu wa Awali:
Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ina sehemu ya watoto. Mikoani ulizia maktaba ya mkoa, zote ni za Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Kijana wa Mjini:
Kwa hiyo oili chafu ndiyo au siyo?

Nesi wa Zamu:
Siyo! Matofali.